Mkoba wa Inchi Kumi na Tatu

4 Februari

Mwanangu Penseli,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limejifanya mkubwa wa nyumba, likitaka tukae tunakaa wote. Kinyozi wa mlango wa pili anakusalimia na anasema ukirudi likizo usije na nywele za kisasa atakazoshindwa kuzichana.

Chumba cha kushonea bado nakifungua kila siku saa mbili asubuhi. Wateja wapo, wengi wa kupunguza pindo na kubadilisha zipu. Wanaotaka nguo nzima nawaambia wasubiri, na sijui nawaambia wamsubiri nani. Mama yako alikuwa wa kupima na kukata, mimi wa vifungo. Miaka kumi na tisa tumekaa hivyo, hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake. Sasa mkasi wake umelala mezani, nami nauzunguka kama mtu anayezunguka mbwa aliyelala.

Jana nimekiona kile kitabu cha vipimo. Kurasa nyingi ni mwandiko wako wa darasa la pili, herufi zimesimama kama uzio. Mama yako akiwa amemzungushia mteja tepu, anasoma kwa sauti, "Kifua thelathini na sita, kiuno thelathini, usiandike na tabasamu lake." Nawe unaandika. Nikacheka peke yangu, kisha nikakaa.

Sasa nije kwenye jambo. Muhula wa pili huu, na mwanzoni uliniambia kila mwanafunzi atatakiwa awe na mashine yake ya kusomea. Pesa ipo, ni ile iliyo kwenye bahasha mama yako aliyoiandika jina lako kwa mkono wake, kwa hiyo hilo halina mjadala. Mjadala ni mashine gani. Kinyozi anasema ninunue kishikwambi, ni chepesi, unakishika kwa mkono mmoja. Jina lenyewe lilinichekesha nusu ya siku. Mwalimu mmoja mteja wetu anasema laptopu, vinginevyo macho yatakuuma. Mimi sijui kitu. Nakaa nasimama, naingia natoka, na uamuzi haupatikani.

Jambo jingine. Uliondoka ukausahau mkoba wako, ule aliokushonea mama yako wa kubebea hiyo mashine. Upo kwenye msumari nyuma ya mlango. Niutume?

Nimekupigia Jumapili mbili hukupokea. Najua mambo ya chuo ni mengi.

Mama yako mdogo


23 Februari

Shikamoo Mama Mdogo,

Barua yako ilikaa siku sita kwenye sanduku la chuo kabla sijaiona, nisamehe. Hapa mimi mzima. Pole na goti, na mwambie Kinyozi nywele zangu nimezisuka mwenyewe na hazimhusu.

Chumba chetu cha bweni kina vitanda vinne na dirisha moja linalotazama matangi ya maji. Ninayegawana naye kitanda cha ghorofa, yeye juu mimi chini, ni msichana mmoja mrefu tunayemwita Ngazi. Ni mwema, ana mdomo. Aliponiona nikichora kwa rula alisema, "Wewe utajenga nyumba kwa karatasi, mvua ya kwanza tu wapangaji wanahama."

Kuhusu simu, mtandao wa hapa bwenini ni mbaya. Tuendelee na barua.

Kuhusu mashine, Mama Mdogo, nakuomba unielewe vizuri. Kozi yetu ni ya kuchora ramani za majengo. Muhula huu michoro yote inafanyika kwenye programu moja nzito ya kompyuta. Kwenye maabara kuna mashine kumi na mbili nasi tupo arobaini na moja. Tunapanga foleni tangu hakujapambazuka vizuri, na ukitoka kwenda kunywa maji umepoteza kiti. Nikipata nafasi nachora kwa haraka kama mwizi, saa moja ikiisha natolewa. Usiku Ngazi akipumzika ananiazima yake, lakini naye ana kazi nayo.

Kwa hiyo ni laptopu. Mwalimu wa michoro ametuandikia ubaoni: laptopu yenye kioo cha inchi kumi na nne, si chini ya hapo, kwa sababu kwenye kioo kidogo mistari inarundikana huoni mlango wala ukuta. Kishikwambi kinafaa kusomea vitabu. Hakifungui programu yetu.

Mwisho ni tarehe thelathini Mei. Siku hiyo kila mtu anaingia darasani na mashine yake, anakaguliwa. Asiye nayo anahamishiwa kozi ya utunzaji wa kumbukumbu. Si kozi mbaya. Lakini mimi sikuja hapa kupanga mafaili.

Natumaini umenielewa. Nasikia haja ya kutembeatembea hata ninapoandika hii barua, nimeinuka mara nne.

Mwanao


11 Machi

Mwanangu Penseli,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Goti halijambo. Bomba la uani limeziba tena na fundi wake ana wiki ya tatu anasema kesho.

Sikuona ulivyojibu habari ya mkoba. Labda ulisahau kuandika.

Nimekaa na barua yako siku mbili, kisha nikauteremsha mkoba nikaupima. Nimeupima mara tatu, kwa ndani, kwenye bitana. Ni inchi kumi na tatu kwa upana, na tisa na robo kwa urefu wa kwenda chini. Kumi na tatu kamili. Mwalimu wako anasema kumi na nne. Mimi si mkataji, lakini hata mtu wa vifungo anajua kwamba kumi na nne haiingii kwenye kumi na tatu. Mtu wa kiuno cha thelathini na nne ukimshonea thelathini na tatu, akikaa tu mnaachana.

Na mama yako hakuwa mtu wa kukosea kipimo. Alikata mkoba ule wakati mkono umeshaanza kumtetemeka, akaweka sponji kati ya vitambaa, akashona mara mbili kila kona. Alijua anautengenezea nini. Nikajisemea, mashine itakayoingia humo ndiyo aliyoitaka yeye. Basi nikavaa viatu nikaenda.

Nimeingia maduka manne. Kila duka nauliza, mna laptopu ya inchi kumi na tatu kamili, ya kuchorea? Kote wananiletea kumi na nne, kumi na tano na kitu, na masanduku yamefungwa kwa gundi, hawafungui mpaka umelipa. Nami nikiona tu ile kumi na nne imeandikwa kubwa ubavuni, narudisha. Duka la mwisho ni lile la karibu na stendi, mwenye duka hakuwepo, alikuwepo binti anayetafuna ubani. Nilimwonyesha mkoba. Akasema kwa mkoba huo, mama, wewe ni mtu wa kishikwambi. Kipo cha inchi kumi na moja, kikubwa kuliko vyote. Nikakiingiza. Kiliingia, kikabakiza nafasi. Nikafikiri nafasi ile ni ya chaja na waya.

Nimekinunua, mwanangu. Nakituma na barua hii kwa basi la mizigo. Najua ulichoandika. Lakini binti ameniapia siku hizi hivi vitu vinafanya kila kazi, na kina kalamu yake ya kuchorea juu ya kioo, na wewe ni Penseli. Unakumbuka jina hilo ulilipataje? Ulichora nyumba na mlango wake nyuma ya sketi ya mteja, miaka mitano hujatimiza. Mama yako hakukupiga. Alishona mfuko juu ya ule mchoro, na mteja akarudi kuomba sketi ya pili yenye mfuko nyuma.

Mkoba nimeubakiza. Nitautuma ukiniomba.

Jumapili nilikupigia tena. Iliita mpaka ikakata.

Mama yako mdogo


6 Aprili

Shikamoo Mama Mdogo,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Kishikwambi kimefika salama, asante kwa shida uliyoipata. Nimekijaribu siku nane. Programu haifunguki. Nimempelekea mtaalamu wa maabara, akakigeuza mbele na nyuma akanirudishia akisema, "Hiki utaangalia nacho picha za nyumba walizochora wenzio." Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao.

Nakirudisha kwenye sanduku lake, sijakikwaruza. Ukiweza waombe wakubadilishie. Usipoweza basi, fomu za kuhama kozi zinatolewa ofisini na nimechukua moja. Nimejaza jina tu.

Mama Mdogo, sitaki kukukosea adabu. Lakini nilikuandikia wazi. Nilikuambia inchi ngapi, nikakuambia kwa nini, nawe ukausikiliza mkoba. Mkoba ni kitambaa na sponji. Mkoba hausomi.

Na kama tunataka kuusikiliza, tuusikilize vizuri. Umesema kishikwambi kilibakiza nafasi. Nimekipima kwa rula yangu, upana wake ni inchi kumi na kidogo. Zinabaki karibu tatu. Mama alikushonea lini wewe kitu kilichobakiza inchi tatu? Yule aliyefumua kola ya bwana harusi kwa sababu ya uzi mmoja?

Sijui alipima nini. Labda alikisia. Alikuwa anaumwa.

Mwanao


5 Mei

Mwanangu,

Hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza nilizianza nikazichana. Ya kwanza ilikuwa ya hasira, ya pili ya kulia, ya tatu nilikuelezea bomba la uani ukurasa mzima. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilihesabu siku zilizobaki mpaka tarehe thelathini, na kila nilipohesabu nikaamka nikafagia mahali palipofagiwa.

Neno lako la mwisho ndilo lililonichoma, kwamba labda alikisia. Nilitaka kukujibu kwamba mama yako hakuwahi kukisia. Kisha nikajiuliza, na alipima wapi? Nyumbani kwetu hakujawahi kuwa na laptopu. Swali hilo likanivalisha viatu. Nikachukua sanduku la kishikwambi na mkoba, nikarudi lile duka la stendi.

Safari hii alikuwepo mwenye duka, mtu mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kipajini. Nilianza kumweleza habari ya kubadilisha, huku nikiutoa mkoba na tepu niliyokuwa nimeivaa shingoni bila kujijua. Akanitazama. Akashusha miwani ya kipajini.

Akasema, "Wewe ni wa pili kuja hapa na tepu."

Nikamuuliza wa kwanza ni nani. Akasema ni mama mmoja mwembamba, mwaka jana wakati wa mvua, aliomba kiti kwanza kabla hajaomba kitu kingine. Alipopumzika akauliza wanafunzi wanaochora nyumba wanatumia mashine gani. Mwenye duka akamtolea moja ya maonyesho. Yule mama hakuuliza bei. Aliipima upana, akaipima kwenda chini, akaipima unene, akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu ya dukani, akashukuru. Mwenye duka akamwambia karatasi ipo. Akajibu, "Karatasi nitaipoteza. Mkono nitafika nao nyumbani."

Mwanangu, nilimjua papo hapo.

Nikamuuliza ilikuwa mashine ya inchi ngapi. Akasema kumi na nne, wachoraji wote ni hiyo. Nikamwambia haiwezekani, mkoba ni kumi na tatu. Ndipo akacheka, si kwa dharau, akachukua tepu yangu akailaza juu ya kioo, kutoka kona ya chini kwenda kona ya juu ya upande wa pili. Kumi na nne. Kumbe wao wanapima mshazari, tena kioo peke yake. Nimeishi na tepu ya mama yako miaka kumi na tisa na sijawahi kusikia mtu anapimwa kutoka bega la kulia kwenda nyonga ya kushoto akaambiwa huo ndio ukubwa wake. Kisha akaipima ubavuni kama fundi anavyopima. Kumi na mbili na robo tatu. Robo iliyobaki ni nafasi ya mshono.

Akanipa mkoba niingize mwenyewe. Iliingia taratibu na haikucheza. Zipu ilizunguka kona zote bila kushika.

Sasa kuna kitu sijawahi kukuambia.

Siku hiyo ya mvua naikumbuka. Daktari alikuwa amemkataza kutoka. Niliporudi kutoka kununua vifungo sikumkuta, nikakimbia mtaa mzima, Kinyozi akaacha mteja nusu kichwa tukamtafuta wote. Alirudi saa tisa, viatu vimejaa tope. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema dukani. Duka gani? Duka. Nilimfokea, mwanangu. Nilimwambia, "Kama umechoka kuishi sema, niache kuhangaika." Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kukatia. Nikamwambia angalau anawe mikono, ana tope na wino kama mtoto. Akasema atanawa akishakata. Nikaona ni ukaidi. Siku mbili sikumsemesha, namwekea chakula naondoka, naye anashona. Siku ya tatu alimaliza zipu, na jioni tukampeleka hospitali. Huko tulisemezana mambo ya maji na mto wa kichwa tu.

Wewe ulikuwa kwenye mitihani. Ulipofika uliniuliza alikuwaje siku za mwisho, nikakuambia alikuwa na amani. Sikujua alikuwaje. Nilikuwa nimenuna.

Ndiyo sababu nilishikilia mkoba. Nilitaka jambo moja alilolifanya siku zile liwe sahihi, hata kama lingekuharibia wewe masomo. Ni ujinga wa mtu mzima, na ujinga wa mtu mzima hauna dawa.

Mashine inakuja pamoja na barua hii, ndani ya mkoba. Hujaniomba mkoba. Nautuma hivyo hivyo, maana mashine haina nguo nyingine. Fomu ile ichane.

Mama yako mdogo


17 Mei

Shikamoo Mama yangu Mdogo,

Mzigo umefika jana. Ngazi ndiye aliyeubeba kutoka lango la chuo, akauweka kitandani kwangu akasema, "Nani huyu aliyekupenda mpaka akashona kona mara mbili?" Nikaanza kufungua zipu.

Sijahama kozi. Fomu nimeikunja nikaiweka chini ya mguu mfupi wa meza, meza imetulia. Mwalimu wa michoro ameikagua mashine leo, kabla ya siku, ameandika jina langu kwenye orodha. Programu imefunguka. Mistari yote inaonekana.

Sikuusahau mkoba, Mama Mdogo. Niliuacha. Ulipokuwa mtupu niliona kama bado kuna kazi ya Mama haijaisha, na mtu mwenye kazi isiyoisha anaweza kuitwa kutoka chumba cha pili akaitika. Nilijua ukijazwa tu, basi. Jana umefika umejaa. Nililia, halafu nikaona njaa.

Na mtandao wa bwenini ni mzuri. Nilikudanganya. Mara ya kwanza ulipopiga baada ya mazishi nilipokea, ukasema "Halo, mwanangu," nikakata. Wewe hujui, kwa kuwa hakuna mtu anayejisikia mwenyewe. Kwenye simu sauti yako ni yake. Hata ile pumzi ndogo kabla ya neno. Nikawa naiangalia inaita mpaka inakata, kila Jumapili, na siku inayofuata naenda kuangalia sanduku la barua.

Kuhusu siku zile mbili sina la kukuhukumu. Mimi nilikuwa mbali nasoma majibu ya mtihani ambayo sasa siyakumbuki hata moja. Ninachofikiri ni hiki: kama angekuambia alikokwenda, ungemzuia asikate siku ile, ungemlaza. Alikuacha ukasirike ili apate kumaliza. Alikuwa anajua utafoka. Ndivyo ninavyomjua mimi.

Sasa nina shida na wewe unaweza kunisaidia. Kazi yetu ya kwanza yenye alama ni kuchora chumba kimoja unachokifahamu, kwa vipimo halisi, siyo vya kukisia. Nimechagua chumba cha kushonea. Nimeweka kuta nne kisha nikakwama. Sijui kutoka mlangoni hadi dirishani ni futi ngapi, sijui meza ya kukatia iko mbali kiasi gani na ukuta, wala kimo cha ule msumari.

Usiniandikie. Barua zinachelewa na kazi inatakiwa mwanzoni mwa Juni. Jumapili ya kwanza ukishaipata hii, saa kumi vaa tepu, nipigie. Nitapokea. Kama nitanyamaza mwanzoni usikate, nivumilie. Usiniulize hali, anza tu kunisomea vipimo kwa sauti, kimoja kimoja, nami nitaandika.

Uanzie mlangoni.

Mwanao,
Penseli